Zebaki kwenye kinamasi: msiulize imeingia kiasi gani tu, ulizeni imegeuka nini

#1 Mashapo_Meusi

Wakuu, habari za muda huu.

Mijadala ya zebaki humu kila mara inakwama palepale. Mtu analeta majibu ya maabara: maji ya kinamasi yana zebaki nanogramu 2 kwa lita. Mwingine anakumbusha kwamba mwongozo wa WHO kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 6 kwa lita, yaani mara 3,000 ya hiyo. Watu wanapongezana, uzi unalala. Halafu anatokea wa tatu na majibu ya samaki mla-samaki aliyevuliwa humohumo, kapita miligramu 0.5 kwa kilo, kikomo kinachotumika sana kwa samaki wa kuliwa, na hapo ndipo maabara inapoanza kutukanwa.

Maabara haina kosa. Vipimo hivyo viwili vinaweza kuwa sahihi siku moja, kwenye maji yaleyale. Ninachotaka tukijadili ni kwamba kwenye ardhi oevu, kiasi cha zebaki iliyoingia ni sehemu ndogo ya habari. Habari kubwa ni zebaki hiyo imegeuka nini baada ya kufika, na wanaoigeuza ni vijidudu vya kwenye tope, wakisaidiwa na salfa, mabaki ya mimea na ukosefu wa oksijeni.

Zebaki ina maumbo matatu ya kuyashika hapa. La kwanza ni metali yenyewe, ambayo hugeuka mvuke kirahisi na kukaa angani miezi kadhaa hata kukaribia mwaka kabla ya kushuka. Ndiyo maana kinamasi kisicho na mgodi wala kiwanda karibu nacho bado kina zebaki. La pili ni zebaki iliyooksidishwa, ile yenye chaji mbili, ambayo hunasa kwenye matone ya mvua, vumbi na udongo. La tatu ni methilizebaki: atomu ya zebaki iliyobandikwa kundi la methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu). Hii ya tatu ndiyo inayoingia kwenye nyama ya samaki na kukaa, ndiyo inayopenya hadi kwenye ubongo, na hata kondo la nyuma halimzuii mtoto aliye tumboni asiipate.

Mvua huleta sehemu, lakini msisahau majani. Mimea hunyonya mvuke wa zebaki kutoka hewani kupitia vitundu vya majani, jani likidondoka linaingia nayo kwenye maji. Kwenye kinamasi chenye miti mingi njia hii si ya kupuuzwa hata kidogo.

Ikishaingia majini, zebaki ya chaji mbili haielei peke yake. Inapenda salfa mno, na mabaki ya mimea yaliyoyeyuka yamejaa vikundi vya salfa. Yale maji ya kahawia mnayoyaona yakitoka kinamasini ndiyo lori la zebaki. Mvua kubwa ikisukuma maji hayo kuelekea mtoni, zebaki inapanda pamoja na rangi.

Karibuni.

#2 KijanaWaMtoni

Mkuu nakufuata vizuri ila nina swali. Zebaki si ile ya kwenye kipimajoto, inabiringika kama shanga? Ikimwagika majini si itazama itulie zake chini?

#3 Mashapo_Meusi

@KijanaWaMtoni inazama kweli, ni nzito mara 13 na nusu ya maji. Kutulia ndiko hakupo. Uso wa tone unaoksidika polepole na kuachia zebaki ya chaji mbili kwenye maji yaliyo kati ya chembe za tope, miaka nenda rudi. Hiyo ndiyo shida ya mito iliyo chini ya machimbo ya zamani ya dhahabu: machimbo yalishafungwa, matone bado yako kwenye changarawe. Sehemu nyingine inarudi hewani kama mvuke na kwenda kumsumbua mtu wa mbali.

Ila vinamasi vingi duniani havijawahi kuona tone hata moja. Vinapokea zebaki ya angani, kidogokidogo, na bado vinatoa samaki wa kuzuiliwa.

#4 Mtata

Samahani lakini mimi naona hapa mnakuza mambo. Zebaki ni elementi, haiumbwi wala haifi. Kama maji yana nanogramu 2, samaki atapata wapi zaidi? Hesabu haikubali.

#5 Bi_Maabara

@Mtata hesabu inakubali, ila usiishie kwenye maji. Anza na mwani. Seli moja ya mwani inachota methilizebaki kutoka majini mpaka mkusanyiko ndani yake unakuwa makumi ya maelfu ya ule wa maji, pengine mamia ya maelfu. Huo ndio mruko mkubwa kuliko yote, na watu wengi hawaujui kwa sababu picha za vitabuni huwa zinaonyesha samaki mkubwa akimla mdogo. Baada ya hapo kila ngazi inaongeza mara kadhaa: vidudu vidogo vya majini vinakula mwani, samaki wadogo wanavila vidudu, wakubwa wanawala wadogo. Majini methilizebaki inaweza kuwa asilimia chache tu ya zebaki yote, japo kwenye vinamasi hupanda zaidi. Kwenye nyama ya samaki mla-samaki ni zaidi ya asilimia 90.

Zebaki haikuumbwa. Imekusanywa na kuchujwa mpaka likabaki umbo moja.

Tena msidhani kukaanga kunasaidia. Imeshikana na protini za nyama yenyewe, haiko kwenye mafuta wala ngozi ya kusema utaitoa.

#6 Ngurumo77

Hapo kwenye "vijidudu vinaigeuza" ndipo ninapotaka maelezo. Vijidudu gani na vinafaidika nini?

#7 Mashapo_Meusi

@Ngurumo77 swali zuri, na jibu lake limechukua muda mrefu kupatikana.

Kwamba vijidudu vya kwenye mashapo vinaweza kutengeneza methilizebaki lilionyeshwa mwaka 1969 na Jensen na Jernelöv wa Sweden. Miaka ya 1980 ikaja kujulikana kwamba bakteria wanaopumua salfeti (salfa iliyoungana na oksijeni) ndio wahusika wakuu. Hawa wanaishi pasipo oksijeni. Sisi tunapumua oksijeni na kutoa maji, wao wanatumia salfeti na kutoa salfaidi, ile harufu ya mayai viza ukikanyaga tope la kinamasi. Baadaye wakaongezeka bakteria wanaotumia chuma na hata baadhi ya vile vinavyotengeneza gesi ya methani. Lakini si kila bakteria wa salfeti aliweza, na ndugu wawili wa karibu walitofautiana bila sababu ya kueleweka. Mwaka 2013 kundi la watafiti likiongozwa na wa maabara ya Oak Ridge, Marekani, likatambua jeni mbili, hgcA na hgcB. Kijidudu chenye zote mbili kinatengeneza, kikikosa moja hakitengenezi. Tangu hapo mtu anachukua tope, anasoma jeni, anajua kama wapishi wapo.

Wanafaidika nini? Inavyoonekana, hakuna faida ya wazi. Si njia ya kujikinga na sumu, maana wenye jeni hizo hawastahimili zebaki kuliko wasio nazo.

Sasa uwepo wa wapishi peke yake hautoshi. Lazima zebaki iwe kwenye hali ambayo kijidudu kinaweza kuimeza. Ikiwa imeshaganda kuwa fuwele kubwa ya zebaki salfaidi, imelala. Ikiwa ni chembe changa sana za salfaidi hiyohiyo, ndogondogo, bado zimevurugika, zimefunikwa na mabaki ya mimea, bakteria anazipata. Ndiyo maana zebaki iliyoshuka na mvua ya juzi mara nyingi inageuzwa upesi kuliko ile iliyozikwa miaka mingi, hata kama ya zamani ni nyingi maradufu.

#8 Mtata

Ushahidi wa hilo la mwisho uko wapi? Zebaki ya juzi na ya zamani unazitofautishaje? Zimeandikwa tarehe?

#9 Mashapo_Meusi

@Mtata ndiyo, zilipewa alama. Kuna jaribio la Kanada ambalo kwangu ni mojawapo ya majaribio mazuri kuliko yote ya mazingira. Kwenye Ziwa 658, ndani ya eneo la maziwa ya majaribio kaskazini-magharibi mwa Ontario, kuanzia 2001 hadi 2007 waliongeza zebaki ya isotopu zilizotenganishwa: isotopu moja juu ya maji ya ziwa, nyingine kwenye kinamasi kinachozunguka, ya tatu kwenye msitu wa juu, ambako ilinyunyizwa kwa ndege. Kikemia zote ni zebaki tupu, ila mashine inazitofautisha kwa uzito. Ukimpima samaki unajua kila sehemu ya zebaki yake ilitoka wapi.

Iliyowekwa ziwani moja kwa moja ilianza kuonekana kwenye samaki wadogo ndani ya miezi michache. Ya msituni na ya kinamasini ilikaa ilipowekwa. Kwa miaka yote hiyo kilichofika ziwani kilikuwa kidogo mno. Walipoacha kuongeza, ile ya ziwani ikashuka kwenye samaki kwa kasi, kwanza wadogo, kisha wakubwa.

Kwa hiyo kinamasi kinafanya kazi mbili zinazopingana. Kinashika zebaki isitoke, na papo hapo kinaipika sehemu ya ile kilichonayo na kuitoa ikiwa methilizebaki. Anayekiita kichujio ana haki, na anayekiita kiwanda ana haki.

#10 Mwalimu_K

Nashukuru kwa uzi, nauhifadhi kwa ajili ya wanafunzi wangu. Naomba muongezee la salfeti. Nimesikia Everglades, kile kinamasi kikubwa cha Florida, Marekani, shida haikuwa zebaki pekee bali salfa ya mashambani. Imekaaje?

#11 Mashapo_Meusi

Mwalimu, hapo umegusa penyewe.

Everglades ilianza kutoa tahadhari ya kutokula samaki wake mwaka 1989. Zebaki yenyewe ilikuwa inashuka na mvua karibu sawasawa eneo zima, lakini samaki hawakuwa sawa. Sehemu nyingine hali ya kawaida, sehemu nyingine hatari. Kilichotofautiana ni salfeti. Mashamba ya kaskazini yaliwekewa salfa kurekebisha udongo, na udongo wenyewe wa mboji ukikauka na kuoza unaachia salfa yake. Yote hiyo ikateremka na mifereji hadi kinamasini.

Sasa angalieni mchezo. Pasipo salfeti kabisa, bakteria hawana cha kupumulia, methilizebaki ni kidogo. Karibu na mfereji, penye salfeti nyingi mno, wanapumua mpaka maji yanajaa salfaidi, salfaidi inaishika zebaki kwa namna ambayo hawaimezi tena, na methilizebaki inashuka. Katikati, penye salfeti ya wastani, ndipo kilele kilipo. Matokeo yake ya ajabu ni kwamba ukipunguza salfeti kidogo karibu na mfereji unaweza kwanza kuongeza methilizebaki pale, na kile kilele kikahama kutoka mahali kilipokuwa. Mtu wa sera asiyejua hili ataona mradi wake umeshindwa kumbe unapita njia yake.

Minnesota walifanya jaribio la moja kwa moja: nusu ya kinamasi cha mboji ikanyunyiziwa salfeti, jumla mara 4 ya inayoletwa na mvua, nusu nyingine ikaachwa. Hawakuongeza zebaki hata chembe. Methilizebaki kwenye maji ya ndani ya mboji ikapanda karibu mara 3. Walipoacha, ikaanza kurudi chini.

Kwa hiyo @Mtata, zebaki ileile, mahali palepale, na methilizebaki imepanda. Ndiyo hesabu uliyokuwa unaikataa.

#12 Mtata

Sawa, hapo nimekuelewa. Lakini basi suluhisho si rahisi? Kausheni vinamasi, bakteria wafe kwa oksijeni, biashara iishe.

#13 Ngurumo77

Mtata bwana 😂

#14 Bi_Maabara

Ngoja nimjibu huyu, maana wazo hilo limewahi kujaribiwa na asili yenyewe.

Kinamasi kikikauka, salfaidi iliyokuwa imefungwa kwenye tope inaoksidika na kuwa salfeti. Mboji inaoza, inaachia kaboni na zebaki iliyokuwa imeishika. Kwa muda wa kiangazi kweli hakuna anayetengeneza kitu. Maji yakirudi, bakteria wanakuta meza imeandaliwa: salfeti mpya, chakula kipya, zebaki iliyolegea. Methilizebaki inaruka juu ndani ya siku na wiki chache. Kilele hicho kimeonekana Everglades baada ya ukame na moto. Na mboji ikiungua, zebaki iliyokusanywa kwa karne nyingi inapaa hewani kwa mkupuo.

Kufurika kwa mara ya kwanza ni kubaya zaidi. Kanada walifurisha kinamasi kidogo kwa makusudi mwaka 1993 ili waone bwawa jipya linafanya nini, na methilizebaki iliyotoka ikaongezeka zaidi ya mara 30. Kwenye mabwawa makubwa ya umeme ya kaskazini mwa Quebec, samaki wala-samaki walichukua miaka 20 hadi 30 na zaidi kurudi kwenye hali ya kawaida.

Kwa hiyo hapana ndugu yangu, usikaushe.

#15 KijanaWaMtoni

Kwani hakuna kinachoibomoa? Maana mkisema hivi inaonekana inatengenezwa tu na kujaa.

#16 Mashapo_Meusi

Ipo. Tunachokipima majini ni tofauti kati ya inayotengenezwa na inayobomolewa, na zote zinaenda kwa wakati mmoja.

Juu ya maji mbomoaji ni jua, hasa miale ya urujuanimno. Inakata kifungo kati ya kaboni na zebaki. Jua hilohilo linaigeuza zebaki ya chaji mbili kuwa mvuke unaorudi angani, ndiyo maana mchana wa jua kali maji ya wazi yanatoa mvuke zaidi. Lakini maji ya kahawia yanazuia miale isishuke. Sentimita chache tu na kazi imekwisha. Mimea ikifunika uso, hivyohivyo. Kwa hiyo kinamasi chenye kivuli kinajinyima mbomoaji wake.

Chini ya tope wapo bakteria wenye mfumo wa jeni uitwao mer: kimeng'enya kimoja kinakata methili, kingine kinaigeuza zebaki iliyobaki kuwa mvuke. Hawa hufanya kazi vizuri penye zebaki nyingi sana, kwenye uchafuzi wa wazi. Penye kidogo hawasumbuki, na ubomoaji unaendelea kwa njia nyingine za polepole.

Na msidhani utengenezaji wote uko chini ya tope. Ule utando wa mwani na bakteria unaovaa mashina ya mimea chini ya maji una tabaka lisilo na oksijeni ndani yake, na unatengeneza. Konokono na wadudu wanaula. Hapo methilizebaki haikusafiri popote, imezaliwa kwenye chakula chenyewe.

#17 Mwalimu_K

Na mashamba ya mpunga yaliyofurishwa je? Si ardhi oevu pia?

#18 Mashapo_Meusi

Ni ardhi oevu kabisa mwalimu, na wenzetu wa China walilipata hilo Wanshan, mkoa wa Guizhou, penye migodi ya zamani ya zebaki. Mchele wa kule ulikuwa na methilizebaki, na kwa wakazi wengi wali ulikuwa njia kubwa kuliko samaki. Kukausha na kumwagilia kwa zamu kunapunguza methilizebaki kwenye punje. Hii haipingani na alichosema Bi_Maabara. Mizunguko mifupi ya kumpa bakteria oksijeni mara kwa mara si sawa na kiangazi kirefu kinachofuatwa na gharika.

#19 Ngurumo77

Kinachotibu basi ni nini, ukiacha kukausha?

#20 Mashapo_Meusi

Kwanza kupunguza zebaki mpya, maana ndiyo inayogeuzwa upesi. Lile ziwa la Kanada limeonyesha samaki wanaitikia. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika 2017, umelenga huko, na kipande kikubwa kuliko vyote cha zebaki inayotolewa hewani na binadamu ni uchimbaji mdogo wa dhahabu, asilimia 38 hivi kwa makadirio ya 2015. Pili, kubana salfeti inapowezekana. Tatu, mbinu za mahali maalum. Ziwa Onondaga, New York, wanaingiza nitrati (chumvi yenye naitrojeni, ambayo bakteria huweza kuipumua) kwenye maji ya chini kabisa wakati wa kiangazi: bakteria wakiwa na nitrati hawashuki hadi kwenye salfeti, na methilizebaki ya kule chini imepungua sana. Mimi singeipeleka hiyo kwenye kinamasi chembamba chenye njaa ya naitrojeni. Utatibu zebaki ufuge mwani.

#21 KijanaWaMtoni

Swali langu la mwisho kwa dada @Bi_Maabara. Kikundi chetu tunataka kupima eneo letu oevu vizuri. Tuombe nini, na tuchoteje?

#22 Bi_Maabara

Omba zebaki yote, kwa maji yaliyochujwa na yasiyochujwa, ili ujue ngapi imebebwa na chembe. Omba methilizebaki kando. Asipokuwa nayo kwenye orodha yake, tafuta maabara nyingine. Ongeza salfeti, salfaidi, kaboni ogania iliyoyeyuka (yale mabaki ya mimea) na pH (kipimo cha uasidi). Bila hizo utakuwa na namba isiyojieleza.

Kuchota ndiko watu wanakoharibia. Unapima sehemu moja kwa trilioni, kwa hiyo mkono wako, nguo yako na vumbi la gari vinaweza kuzidi sampuli yenyewe. Wanahitajika wawili. Mmoja ana "mikono safi": anagusa chupa tu na mfuko wa ndani. Mwingine anafungua mfuko wa nje, anashika kamba, boti, pampu, kila kitu kilichobaki. Chupa inakuja ndani ya mifuko miwili ikiwa imeoshwa kwa asidi. Simameni mkiutazama upepo na mkondo, msichote pale mlipokanyaga mkavuruga tope. Mwenye jino lililozibwa kwa amalgamu (mchanganyiko wa metali wenye zebaki) asipumulie mdomo wa chupa, mvuke wake unatosha kuichafua. Kisha gizani na kwenye barafu, na asidi muiweke kama maabara yenu itakavyoelekeza.

Kwa samaki, msikimbilie yule mkubwa wa kupiga naye picha. Ana miaka mingi, anabeba historia. Chukueni samaki wadogo wa aina moja, wasiozidi mwaka mmoja, urefu uleule, sehemu ileile, mara moja kabla ya maji kupanda na tena wiki chache baada ya kupanda. Hao watawaambia kinachotengenezwa sasa hivi.